Nani Amekula Oksijeni?

Akina mama wengi tunaifahamu saa hiyo. Chakula cha jioni kimekwisha, vyombo vimeoshwa, sala bado. Mtoto wa sekondari anafungua daftari, anakaa kimya kwa muda, halafu anauliza kwa sauti ndogo: "Mama, valensi ni nini?" Ghafla mama anakumbuka kwamba hajaloweka maharage ya kesho. Baba naye anakumbuka kwamba banda la kuku halijafungwa. Wote wawili wanaondoka, na mtoto anabaki peke yake na kemia yake.

Nyumbani kwetu tulikimbia hivyo kwa muda mrefu, ingawa kazi yetu ya uuguzi imejaa kemia tangu asubuhi hadi jioni. Tunaeleza hapa jinsi tulivyoacha kukimbia, maana tunaamini si sisi peke yetu tuliopitia jambo hili.

Jogoo na karatasi ya mtihani

Binti yetu yuko kidato cha tatu. Katika mtihani wa nusu muhula alipata alama 18 kwa 100 katika kemia. Siku aliyoleta karatasi hiyo nyumbani tulikuwa na wageni wawili, akina mama wenzetu wa kanisani. Tukaisoma karatasi kwa sauti, kisha tukasema: "Kumi na nane! Hata jogoo wetu akidonoadonoa majibu angepata ishirini."

Wageni walicheka. Sisi tulicheka. Binti naye alicheka, na hapo ndipo tulipodanganyika. Usiku tulipopita chumbani kwake tulimkuta amegeukia ukutani, analia bila sauti. Alisema amekwisha kuamua: Jumatatu atamwomba mwalimu ahamie mkondo wa sanaa, aachane na kemia kabisa.

Huyu ni mtoto ambaye tangu alipokuwa mdogo alikuwa akiwafunga bandeji watoto wa bandia na kuwachoma sindano za vijiti. Amesema miaka yote kwamba atakuwa muuguzi. Na sisi tunajua vizuri kwamba hapa Tanzania mlango wa chuo cha uuguzi haufunguki kwa mwanafunzi asiyefaulu kemia na biolojia. Kwa mzaha mmoja wa kuwafurahisha wageni, tulikuwa karibu kumfungia mtoto wetu mlango huo kwa mikono yetu wenyewe.

Tulikaa kitandani kwake tukamwomba radhi. Wapo wazazi wanaodhani kumwomba mtoto radhi ni kujishusha. Sivyo. Tulimwambia kwamba tulikosea, na kwamba kesho yake jioni tutakaa pamoja mezani, hata kama hatutaelewa kitu.

Si uvivu wa mtoto

Tulipofungua daftari lile, tuligundua kwanza kwamba mtoto hakuwa mvivu. Katika shule zetu nyingi za msingi za serikali mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili. Akiingia sekondari anaisoma kwa Kiingereza. Kabla hajazoea lugha hiyo, kemia inamletea lugha nyingine tena, ile ya alama. Chuma kinaandikwa Fe, dhahabu Au, risasi Pb, shaba Cu. Herufi hizo zinatokana na majina ya Kilatini: ferrum, aurum, plumbum, cuprum. Mtoto anabeba lugha tatu kwa wakati mmoja, nasi tunamwuliza kwa nini anatembea polepole.

Baba watoto, ambaye ni fundi seremala na hapendi mambo yasiyo na mpango, alikasirika kwa niaba ya binti yake. "Sodiamu inaanza na S," alisema. "Sasa hii Na imetoka wapi?"

Mdogo wake wa miaka mitano, aliyekuwa amelala mezani kwa tumbo, akajibu kwa uhakika: "Na ni ya kuunganisha, Baba. Kama chai na mkate."

Tulicheka sana. Lakini binti alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mama, ni kweli. Mwalimu alisema sodiamu haipatikani peke yake duniani. Siku zote iko na kitu kingine." Na ndivyo ilivyo. Alama hiyo inatokana na jina natrium, wala haina uhusiano na Kiswahili chetu, lakini sodiamu ni metali inayoungana upesi mno na vitu vingine. Ikitiwa majini peke yake inawaka kwa fujo. Klorini nayo ni gesi ya sumu. Vikiungana hivi viwili tunapata NaCl, yaani chumvi ya mezani. Tangu jioni hiyo binti yetu hajaisahau alama ya sodiamu.

Maji yaliyogeuka dawa

Zoezi lililofuata lilikuwa kusawazisha milinganyo. Haidrojeni na oksijeni huungana kuwa maji. Binti aliandika H2 na O2 upande wa kushoto, na H2O upande wa kulia. Kushoto kulikuwa na atomu mbili za oksijeni, kulia moja tu.

"Hii ni rahisi kama kupima mbao," alisema baba watoto. Akachukua kalamu ya risasi, akaongeza namba 2 ndogo baada ya O upande wa kulia, ikawa H2O2. Akahesabu: mbili kwa mbili, mbili kwa mbili. Akaegemea kiti kama mtu aliyemaliza kabati.

Tulipoiangalia, sisi tulishindwa kujizuia. "Baba watoto," tulimwambia, "tulikuomba maji ya kunywa, umetupa dawa ya vidonda!" Maana H2O2 si maji. Ni haidrojeni peroksaidi, dawa ile inayotoa povu ikimwagwa kwenye kidonda. Hesabu yake ilikuwa sawa kabisa, ila alikuwa ametengeneza kitu kingine.

Baba alicheka mpaka akavua miwani. Na binti, kwa kumwona baba yake mwenyewe akikosea na kucheka bila aibu, alilegea mabega kwa mara ya kwanza wiki ile. Akaeleza mwenyewe kanuni aliyofundishwa: namba ndogo zilizo ndani ya jina la kitu haziguswi, maana ukizigusa umebadili kitu chenyewe. Unachoruhusiwa ni kuweka namba kubwa mbele. Molekuli mbili za haidrojeni na molekuli moja ya oksijeni hutoa molekuli mbili za maji.

Tulilitafakari jambo hilo baadaye jikoni. Mara ngapi sisi wazazi tunajaribu kusawazisha nyumba kwa kumbadili mtoto ndani, awe kama dada yake au kama mtoto wa jirani? Mungu amekwisha kumwumba alivyo. Kazi yetu ni kuongeza mbele yake: muda, uvumilivu, na mtu wa kukaa naye.

Oksijeni yaliwa

Ili aone kwa macho, tulileta bakuli la karanga na kikombe cha mahindi. Punje za mahindi zikawa haidrojeni, karanga zikawa oksijeni. Tukapanga kushoto mahindi manne na karanga mbili. Binti akaanza kuzihamisha kulia: mahindi mawili na karanga moja, maji ya kwanza. Mahindi mawili na… akatafuta.

"Mama! Karanga ya pili haipo!"

Sote tukamtazama yule mdogo. Alikuwa anatafuna taratibu, macho juu.

"Mama, amekula oksijeni!"

"Basi na apumue vizuri," alisema baba.

Binti alicheka hadi machozi yakamtoka, lakini haya yalikuwa machozi mengine kabisa. Kisha akainua kidole kama mwalimu: "Lavoisier alisema hakuna kinachopotea. Kwa hiyo oksijeni ipo. Iko tumboni."

Antoine Lavoisier alikuwa mwanakemia wa Ufaransa. Katika kitabu chake cha mwaka 1789 alieleza kwamba vitu vinapobadilika katika kemia, uzito wa vilivyoingia ni sawa na uzito wa vilivyotoka. Ndiyo maana milinganyo husawazishwa. Akina mama tungependa kujua pia kwamba michoro ya vyombo katika kitabu hicho ilichorwa na mke wake, Marie-Anne, aliyekuwa akifanya kazi pamoja naye katika maabara. Lavoisier aliuawa mwaka 1794 wakati wa mapinduzi, na mkewe ndiye aliyeyachapisha baadhi ya maandishi yake baadaye. Kumbe hata kemia ilianzia katika nyumba ya watu wawili walioketi meza moja.

Jikoni ni maabara

Tangu hapo tumeacha kuiogopa kemia, maana tumekuta tunaipika kila siku. Kamulia ndimu kwenye magadi kidogo: povu linalotoka ni gesi ya kaboni dayoksaidi. Chukua maji ya rosela ambayo ni mekundu, utie magadi: rangi inageuka kuelekea kijani. Tia ndimu, wekundu unarudi. Mtoto amejifunza asidi na besi bila kununua chochote.

Tulimwonyesha pia kemia ya wodini. Dripu ya chumvi tunayomwekea mgonjwa ina gramu 9 za NaCl katika lita moja ya maji. Na mtoto anayeharisha, ikiwa hakuna pakiti za dawa ya kuongeza maji mwilini, huandaliwa lita moja ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi ni hatari. "Kumbe kusawazisha kunaokoa mtu," binti alisema, na safari hii hakuna aliyecheka.

Onyo moja kwa akina mama: msiwaache watoto wachanganye dawa za kusafishia. Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo ikichanganywa na dawa ya choo yenye asidi hutoa gesi ya klorini, ambayo huumiza mapafu. Mchezo ubaki kwenye ndimu na magadi.

Tuliyojifunza

Kwanza, kucheka na mtoto si sawa na kumcheka mtoto. Njia rahisi ya kupima ni hii: anayechekwa ni nani? Tukichekwa sisi wazazi kwa makosa yetu, mtoto anapata nguvu. Akichekwa yeye, hasa mbele ya watu, anajifunza kuficha karatasi.

Pili, usimwambie mtoto, "Hata mimi nilishindwa kemia, ni ukoo wetu." Twadhani tunamfariji, kumbe tunamrithisha kushindwa.

Tatu, si lazima ujue jibu. Keti hapo hata nusu saa. Mwombe akufundishe wewe alichofundishwa, maana anayefundisha hujifunza mara ya pili. Usipoweza kabisa, mwendee mwalimu wake kwa heshima na umwulize mtoto amekwama wapi.

Nne, ukikosea kwa maneno, omba radhi siku hiyohiyo.

Mithali 17:22 yaeleza jinsi furaha ya moyo inavyoufaa mwili. Sisi wauguzi tumeiona kweli hiyo kwa wagonjwa. Sasa tumeiona na kwa watoto wenye madaftari.

Binti yetu hakwenda kuomba kuhama. Mtihani uliofuata alipata 34, na uliofuata huo alipata 43. Bado ni daraja D, nasi hatujidanganyi kwamba safari imekwisha. Lakini D ni kufaulu, na haba na haba hujaza kibaba. Siku alipoileta karatasi hiyo ya mwisho, aliiweka mezani mwenyewe, wageni wakiwepo. Akasimama, akatazama nje uani alikokuwa jogoo, akasema:

"Mwambieni jogoo bado yuko kwenye ishirini yake."

Hapo tulicheka sote, naye akiwa wa kwanza.