Intaneti ya Zamani: Rekodi Zisizovunjika

Siku hizi video ikikwama sekunde tatu, watu wanautukana mtandao. Wakongwe wa intaneti kafe wanacheka tu. Enzi zao ndizo zilizoweka rekodi, tena nyingi za udogo na za kukawia. Twende uwanjani.

1. Ujumbe mfupi kuliko wote
Oktoba 29, 1969, mwanafunzi Charley Kline alikaa mbele ya kompyuta ya UCLA, Los Angeles, akaanza kuandika LOGIN ili aingie kwenye kompyuta ya Taasisi ya Utafiti ya Stanford. L ikafika. O ikafika. Mtambo wa Stanford ukazima. Huo ndio ujumbe wa kwanza wa ARPANET, mama yake intaneti: herufi mbili. Hata "poa" ni ndefu zaidi!

2. Mtandao wa kuenea uwanja mmoja
Mwaka 1988 kompyuta za intaneti duniani kote zilikadiriwa kuwa 60,000. Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, una viti 60,000. Hesabu mwenyewe: intaneti nzima, kila kompyuta na kiti chake. Novemba 2 mwaka huo programu ya Robert Morris iliyojisambaza yenyewe ikaangusha takriban 6,000. Kila kiti cha kumi.

3. Mwendo wa polepole kuliko wote
Modemu kali ya mwishoni mwa miaka ya 1990 ilikuwa ya kilobiti 56 kwa sekunde, na kabla haijakuunganisha ilipiga mluzi na kukwaruza weee. Mtu akiinua simu sebuleni, umekatika. Picha ilishuka mstari kwa mstari: nywele, paji la uso, na ikifika puani dakika ulizolipia zimekwisha. Filamu ya megabaiti 700 ingechukua zaidi ya saa 27, hata modemu ikikimbia kwa kasi yake yote, nayo ilikuwa haikimbii. Basi linatoka Dar es Salaam alfajiri, linafika Mwanza usiku, abiria wanalala, wanaamka, wanakunywa chai, filamu bado inashuka.

Hata hivyo medali wameichukua njiwa. Mwaka 1990 David Waitzman aliandika, kwa mzaha wa Siku ya Wajinga, kanuni za kusafirisha data kwa njiwa. Aprili 2001 wapenzi wa mfumo wa kompyuta wa Linux wa Bergen, Norwe, wakazitekeleza kweli: data ikachapwa kwenye karatasi, ikafungwa mguuni. Pakiti 9 zilitumwa, majibu 4 yakarudi, na la haraka kuliko yote lilichukua zaidi ya dakika 50.

4. Njia ndefu kuliko zote
Hapa dhahabu ni ya Nairobi! Kabla ya kituo cha kubadilishana data cha KIXP kusimama imara mwaka 2002, barua pepe ya mteja wa kampuni moja ya intaneti kwenda kwa mteja wa kampuni nyingine ilipanda hadi kwenye setilaiti, kilomita 36,000 juu, ikashuka ng'ambo, ikapanda tena, ikashuka nyumbani. Jumla kilomita 144,000, zaidi ya mara tatu kuizunguka dunia, kutoka Westlands hadi katikati ya jiji. Matatu moja tu ingekufikisha. Mkongo wa chini ya bahari wa SEACOM ulipowashwa Julai 2009, safari za angani zikaanza kupungua.

5. Mtaa ghali kuliko yote
GeoCities iligawa viwanja vya bure vya kujengea kurasa, zenye nyota za kumetameta na bango la "bado tunajenga". Januari 1999 Yahoo ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 3.57, karibu sawa na gharama ya reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi. Reli ipo. GeoCities ilifungwa Oktoba 2009.

6. Birika maarufu kuliko yote
Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichoka kwenda kuchukua kahawa na kukuta imekwisha. Mwaka 1991 wakalielekezea birika kamera, na 1993 dunia nzima ikaanza kulitazama. Lilipostaafu Agosti 2001, likiwa bovu, Spiegel Online ya Ujerumani ililinunua mnadani kwa pauni 3,350. Wauza kahawa wa Forodhani, mnasikia?

7. Mkongwe aliye hai
Tovuti ya kwanza duniani ni ya Tim Berners-Lee wa kituo cha utafiti cha CERN, iliyotangazwa kwa umma Agosti 1991. Ukurasa wake ni maandishi matupu, hauna picha hata moja. CERN iliurudisha hewani mwaka 2013, kwenye info.cern.ch. Ufungue leo kwa simu yako, hautakumalizia bando.