Kinamasi, Mchuruziko na Uwanda Chepechepe

Mfasiri akutanapo na maandishi yahusuyo mimea ya mahali penye maji, mara nyingi huandika "kinamasi", akaendelea na kazi yake. Kwa nyanda za juu za kusini, kuanzia Uyole hadi Iringa, neno hilo halitoshi.

Chemchemi haina utata: maji hububujika mahali pamoja. Lakini iko ardhi ya ubavuni mwa kilima, chini ya mivengi, ambamo maji huvuja polepole bila kuonekana yatokako, na humo humea kangaga na ndago. Hiyo twapendekeza iitwe mchuruziko. Mbele yake, bondeni, hutandaa nyasi zilizolowa, zenye ndago na okidi ambazo viazi vyake huchimbwa na kupelekwa Zambia, viliwako kwa jina la chikanda. Wengine wangesema "mbuga". Ila msomaji wa leo asikiapo mbuga huwaza tembo. Twaonelea uwanda chepechepe. Kinamasi kibaki na matope na matete, kama Ihefu kule Usangu.

Huku si kuchagua maneno kwa anasa. Mabondeni humo ndimo wakulima walimamo vinyungu wakati wa kiangazi. Tangazo la kuhifadhi maji likitaja kinamasi tu, mwenye shamba kando ya mchuruziko atajibu, tena kwa haki, kwamba halimhusu. Naye atakata mivengi apande mikaratusi, ifyonzayo maji mengi.