Nyumba ya Kiamu Huelekea Ndani

Mgeni avukaye kwa mashua kutoka Mokowe au kiwanja cha ndege cha Manda, akashuka gatini Lamu, au Amu kama wenyewe waitavyo, huingia katika vichochoro vyembamba hata punda mwenye shehena akija mbele mtu hana budi kujibana ukutani. Na kwa kuwa kuta hizo za matumbawe ni ndefu na madirisha yake ni haba, aghalabu hudhani kwamba mji huu, ulioingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hauna la kumwonyesha. Dhana hiyo ni batili. Nyumba ya Kiamu humpa mpita njia ukuta, na uzuri wake humwekea aliyekaribishwa.

Mbele ya mlango wa nakshi pana daka lenye baraza za mawe zilizoelekeana, na hapo ndipo mgeni asiyejulikana akomeapo, akaamkiwa na kupewa kahawa chungu kwa haluwa. Akizoeleka hupita tekani, yaani ukumbi wa ndani ya mlango, penye pindo la makusudi ili jicho la njiani lisipenye, hata kiwandani, yaani uani palipo wazi mbinguni. Kisha huja misana, yaani kumbi ndefu, na mwisho chumba kiitwacho ndani, ambako katika nyumba za karne ya 18 ukuta umejaa zidaka za chokaa, yaani vishubaka, safu juu ya safu, zilizopangwa vyombo vya Kichina. Vyumba vyote ni virefu na vyembamba, kwani dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haizidi mti wake. Viatu huvuliwa. Asiye na mwenyeji asivunjike moyo: Makumbusho ya Taifa imehifadhi nyumba moja ya namna hii, wazi kwa kila mtu.

Chakula nacho kina sitara yake. Mikahawa ya ukingoni huuza kamba na kaa, wala siilaumu. Lakini samaki wa kupaka, achomwaye kwa makaa huku akipakwa tui zito lenye ukwaju na pilipili mpaka limshike, humtaka mpishi mwenye subira, na subira hiyo kwa maoni yangu iko majumbani. Mwezi wa Mfungo Sita, wakati wa Maulidi katika Msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, wageni huja kutoka pwani nzima, na takrima ya mji huonekana dhahiri.

Ama mandhari, vilima vya mchanga vya Shela hupendwa kwa kupigwa picha, na ni wachache wajuao kwamba chini yake ndimo yalimo maji matamu yanyweshayo mji. Lakini mimi ningemwelekeza msomaji Takwa, kisiwani Manda, mji uliohamwa katika karne ya 17, ambao msikiti wake ungali na nguzo juu ya kibla. Njia ya kufika ni mkono wa bahari katikati ya mikoko, nao hupitika maji yakijaa tu. Kwa hiyo muulize nahodha saa ya maji kabla hamjapatana nauli.