Herufi Zilivyotambulisha Nyaraka Kabla ya Kompyuta

Kabla ya kompyuta kuenea katika ofisi za Tanzania, mwananchi aliyepokea karatasi aliweza kukisia ilikotoka hata kabla ya kuisoma. Umbo la herufi lilimweleza iwapo ilitoka kwa mpiga chapa wa ofisi, kwenye mashine ya kurudufu au katika kiwanda cha uchapaji. Wachache walijua majina ya aina za herufi, lakini wengi walizitambua kwa macho, kama mtu anavyotambua mwandiko wa ndugu yake.

Katika taipureta za kawaida, kila herufi ilipewa nafasi sawa, hivyo "i" nyembamba ilichukua upana uleule wa "m". Mashine hizo hazikuwa na herufi nene wala za mlalo, na jambo la kukaziwa liliandikwa kwa herufi kubwa au kupigiwa mstari. Desturi hiyo inaonekana hadi leo katika kichwa cha barua ya kiofisi kinachoanza na "YAH:", yaani yahusu. Aidha, herufi ya chuma iliyopinda iliacha kasoro ileile kila ilipogonga karatasi, kiasi kwamba wachunguzi wa nyaraka waliweza kulinganisha barua na mashine iliyoiandika.

Nakala nyingi, kama za mitihani ya shule na matangazo ya mikutano, zilitolewa kwa stensili, karatasi yenye nta iliyopigwa chapa bila utepe wa wino ili wino upenye baadaye katika alama za herufi. Mpiga chapa aliyegonga kwa nguvu mno aling'oa kipande cha katikati ya "o", na kila nakala ikatoka na doa jeusi mahali hapo. Viwandani, mafundi walipanga kwa mkono herufi za madini ya risasi zilizogeuzwa kama zionekanavyo kwenye kioo.

Mitaani, wachoraji wa mabango waliandika majina ya maduka kwa brashi, kila mmoja kwa mtindo wake. Kwenye kanga, ujumbe uliowahi kuandikwa kwa herufi za Kiarabu ulikuja kuandikwa kwa herufi kubwa za Kirumi, ambazo ni rahisi kuzitambua hata kwa mbali.

Mageuzi yalianza baada ya kompyuta ya Macintosh kuingia sokoni mwaka 1984, ikifuatiwa mwaka 1985 na printa ya leza ya LaserWriter na programu ya PageMaker. Mtumiaji wa kawaida akaanza kuchagua fonti kwa jina. Times New Roman, iliyoanza kutumika mwaka 1932 katika gazeti la The Times la London, leo inafahamika hata kwa wanafunzi.

Hata hivyo, urahisi huo umepunguza uwezo wa macho kubaini chanzo cha waraka. Zamani, kuiga tangazo lililochapwa kiwandani kulihitaji mitambo na fundi. Leo herufi hizo zinapatikana hata kwenye simu ya mkononi, na nembo, mhuri na saini huweza kunakiliwa pamoja nazo. Kwa sababu hiyo, mwonekano pekee hautoshi kuthibitisha tangazo. Njia ya uhakika ni kulilinganisha na lililotolewa katika tovuti au kurasa rasmi za taasisi inayotajwa, au kuiuliza taasisi yenyewe kabla ya kulisambaza kwa wengine.