Je, Kompyuta Yaijua Kesho Yako?

Je, kompyuta yaweza kutabiri matendo ya binadamu? Naam, hujaribu! Hapa Parklands, mama mboga wa soko la City Park akiomba mkopo wa M-Shwari, huduma iliyoanzishwa Novemba 2012, hahojiwi na karani yeyote. Programu hupima alivyotumia simu na M-Pesa, humlinganisha na wakopaji waliotangulia, kisha hukisia kama atalipa. Huo si uganga, ni hesabu tu.

Lakini hesabu haijui kwamba mtoto ameugua au sukuma wiki imeoza. Ndiyo maana naifurahia Sheria ya Kulinda Data ya 2019: uamuzi wa mashine ukikuumiza, waweza kuomba uangaliwe upya. Mimi nasema, jana ya mtu si kesho yake, ati!