UYOGA WA DAWA: UNASAIDIA NINI, NA HATARI YAKE IKO WAPI?

Leo naomba tuongee kuhusu ule uyoga mwekundu unaouzwa kwenye makopo, kwenye kapsuli na hata ndani ya kahawa. Wachina wanauita lingzhi, Wajapani wanauita reishi, na wauzaji wengi wanauita ganoderma, au kwa kifupi "gano". Pengine mama au baba yako anao kabatini muda huu tunaoongea.

Mwenzenu nina sababu ya kuandika. Shangazi yangu hapa Endasak ana presha ya miaka mingi. Siku moja alirudi kutoka mnadani na kopo la uyoga huo, kalinunua kwa hela ya kuuza mbuzi. Akaniita: "Mwanangu, wewe umemaliza fomu foo, hebu nisomee hiki Kizungu." Nikamsomea yale maandishi makubwa: unasaidia mzunguko wa damu, unaongeza kinga, unaondoa uchovu. Nikamwambia shangazi hiki ni kitu kizuri. Maandishi madogo ya nyuma sikuyasoma.

Wiki chache baadaye aliamka mkono wa kushoto hauinuki na mdomo umepinda. Kiharusi. Kumbe tangu siku ile alikuwa ameacha vidonge vyake vya presha, maana muuzaji alimwambia uyoga unatosha, na mimi msomi wa familia nikawa nimeweka muhuri.

Namshukuru Mungu yuko hai, anatembea na fimbo. Lile kopo nikalichukua nikasoma nyuma: bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Yaani waliolitengeneza walishakanusha kwa maandishi kile ambacho muuzaji alikuwa anakisema kwa mdomo! Toka hapo nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyoyapata.

HUU UYOGA NI KITU GANI?

Ganoderma sio uyoga wa mboga kama ule unaoota kwenye kichuguu mvua zikinyesha. Huu ni mgumu kama ubao, unaota kwenye shina la mti au gogo, juu unang'aa kama umepakwa vanishi, na ni mchungu sana. Huwezi kuutafuna, ndiyo maana unasagwa au unachemshwa. China wameutumia kama dawa kwa karne nyingi, na siku hizi unalimwa kwenye mabanda.

Msishangae kwamba jamii ya uyoga inaweza kutoa dawa. Penisilini, ambayo Alexander Fleming aliigundua mwaka 1928, ilitoka kwenye kuvu, na kuvu ni ndugu wa uyoga. Lovastatini, dawa ya kupunguza lehemu kwenye damu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1987, nayo ilitoka kwenye kuvu. Lakini angalieni tofauti: pale wataalamu walichukua kemikali moja, wakaipima, wakajua dozi, wakajua na madhara. Kopo la unga ni kitu kingine. Kiasi cha dawa kilichomo kinaweza kutofautiana kutoka kopo moja hadi lingine.

FAIDA: UKWELI NI UPI?

Ndani ya uyoga huu kuna vitu viwili vinavyozungumzwa sana. Cha kwanza ni betaglukani, aina ya wanga ambayo kwenye maabara inaonekana kuamsha seli za kinga. Cha pili ni triterpeni, ndizo zinazoleta ule uchungu. Kwa hiyo wanaosema kuna kitu ndani yake hawadanganyi. Swali ni je, kitu hicho kinamponya mgonjwa?

Kuna mtandao wa wataalamu unaitwa Cochrane. Kazi yao ni kukusanya tafiti zilizofanywa kwa watu na kuzipima kwa pamoja. Kuhusu saratani, ripoti yao ya 2016 ilitumia tafiti 5 zenye watu 373. Walisema hakuna ushahidi wa kutosha kuufanya uyoga huu kuwa tiba ya kwanza ya saratani. Waliotumia pamoja na tiba ya hospitali walionekana kuitikia matibabu vizuri zaidi kidogo, ila tafiti zenyewe hazikuwa za ubora mkubwa. Zingatia neno hilo: PAMOJA NA, sio BADALA YA.

Kuhusu sukari, presha na lehemu, ripoti yao ya 2015 iliangalia tafiti 5 zenye watu 398, wengi wao wagonjwa wa kisukari, waliotumia uyoga kwa wiki 12 hadi 16. Jibu: ushahidi hauungi mkono kuutumia kama tiba ya matatizo hayo. Ningekuwa nimesoma hilo kabla ya kumjibu shangazi!

HATARI ZAKE

1. Kuacha dawa. Hii ndiyo kubwa kuliko zote. Presha haiumi. Ukiacha vidonge leo, kesho unajiona mzima, unasema uyoga umefanya kazi, kumbe presha inapanda kimya kimya mpaka mshipa unaziba au kupasuka kichwani. Ni hivyo hivyo kwa kisukari na kwa ARV.

2. Kugongana na dawa nyingine. Uyoga huu unaweza kuifanya damu ichelewe kuganda. Anayetumia warfarini au aspirini, au anayesubiri operesheni, lazima amwambie daktari. Unaweza pia kuongezea nguvu dawa za presha na sukari hadi zishuke kupita kiasi.

3. Ini. Ni nadra, lakini ipo. Mwaka 2007 madaktari wa Thailand waliandika kuhusu mgonjwa aliyefariki kwa ini kufeli, tukio lililohusishwa na unga wa uyoga huu. Ukiona macho ya njano, mkojo kama chai ya rangi, au mwili unawasha bila sababu, acha uyoga na uwahi hospitali.

4. Madhara madogo: tumbo kuvurugika, kinywa kukauka, kizunguzungu, vipele. Mjamzito na anayenyonyesha ni bora wasitumie, maana usalama wake kwao haujathibitishwa.

5. Kujiokotea. Kuna vijana watasema mbona mlima Hanang una magogo mengi, tukachume wenyewe? Jamani, hapana. Uyoga mgumu wa kwenye miti uko wa aina nyingi na unafanana. Na ule wa kawaida ndio usijaribu kabisa kama huujui: kuna aina ambazo kupika hakuondoi sumu, na mtu anaanza kuumwa baada ya saa 6 hadi 12, wakati sumu imeshaingia.

TUSISAHAU LOLIONDO

Mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inaelekea kijiji cha Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, kunywa kikombe cha mugariga kwa shilingi 500. Wapo waliotolewa kwenye vitanda vya hospitali, wapo waliofia njiani na kwenye foleni, na wapo walioacha dawa wakiamini wamepona. Sisemi hivi kumkejeli Babu, alifariki 2021, apumzike. Wala sisemi dawa za asili ni uongo. Muhimbili kuna Taasisi ya Tiba Asili inayozitafiti, na sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Ninachosema ni kwamba kinywaji kile na kopo hili vina hatari moja inayofanana: mgonjwa kuacha kile kilichokuwa kinamshikilia.

SASA UFANYE NINI?

Muuzaji akija nyumbani, muulize maswali matatu. Bidhaa hii imesajiliwa wapi, kama dawa au kama chakula? Nikiwa natumia vidonge, niviache? Na wewe unapata kiasi gani kwa kila kopo, na kwa kila mtu unayemuunganisha? Akisema uache vidonge, mfungulie mlango atoke. Akisema unatibu magonjwa mia, ujue hajui hata moja.

Kama mzazi ameshanunua, usimgombeze. Mzee akigombezwa ataficha kopo na ataficha na ukweli. Mwambie: "Mama, twende nalo kliniki tukamwonyeshe daktari, na vidonge tuendelee navyo." Na wewe ndugu yangu uliyemaliza shule, ambaye nyumbani wanakuita usome Kizungu cha kwenye makopo, geuza kopo, anza na yale maandishi madogo.

Shangazi sasa anameza vidonge kila asubuhi, na mimi ndiye ninayemkumbusha. Hajawahi kunilaumu hata siku moja. Ingekuwa afadhali angenilaumu.

Kwa leo naishia hapa wadau. Mwenye yaliyomkuta, au daktari mwenye la kunisahihisha, tiririka hapo chini kwenye maoni.