Aliyeifundisha Mashine Mwendo wa Binadamu

Ndugu msomaji, bila shaka umepata kuwasikia wazee wakilalamika kwamba mashine imewanyang'anya wanamuziki kazi yao. Muziki wa kufokafoka, yaani hip-hop, ndio unaolaumiwa zaidi, kwani watayarishaji wake huchukua vipande vya santuri za zamani na kuviunga upya kwa mitambo. Kabla hujaikubali lawama hiyo, yafaa umfahamu James Dewitt Yancey, aliyejulikana kwa jina la J Dilla.

Alizaliwa tarehe 7 Februari 1974 mjini Detroit, Marekani, mji wa viwanda vya magari. Baba yake alikuwa mpiga besi, na mama yake, Maureen Yancey, alikuwa mwimbaji. Nyumba yao ilijaa santuri. Katika ujana wake mwanamuziki wa mji huohuo, Amp Fiddler, alimwonyesha matumizi ya mashine ya Akai MPC. Mashine hiyo hunasa vipande vya sauti, na fundi huvipiga kwa vidole juu ya vitufe vyake.

Sasa zingatia jambo hili. Mashine hiyo imepewa uwezo wa kusahihisha: pigo lililochelewa au kuwahi husogezwa hadi likae sawasawa kwenye mstari, mfano wa bidhaa za kiwandani. Dilla hakukubali kila kitu kinyooshwe. Pengine aliliacha pigo mahali kidole kilipoliweka. Pengine alilisogeza kwa makusudi, ngoma moja ikitangulia kidogo na nyingine ikijikokota nyuma. Matokeo yake yalikuwa mwendo wa mtu atembeaye kwa raha zake. Wapiga ngoma stadi, akiwemo Questlove wa kundi la The Roots, wamekiri kwamba walijifunza kwake.

Pamoja na wenzake T3 na Baatin aliunda kundi la Slum Village. Aliwatengenezea muziki The Pharcyde, A Tribe Called Quest, Common na Erykah Badu. Hata hivyo hakuwa mpenda makuu, na kazi zake kadhaa zilitoka kwa jina la kikundi cha The Ummah badala ya jina lake mwenyewe.

Ndipo maradhi yalipomwandama: ugonjwa wa damu usio wa kawaida, pamoja na lupasi, maradhi ambayo kinga ya mwili huugeukia mwili wenyewe. Alilazwa hospitalini mjini Los Angeles kwa muda mrefu. Mama yake hakubanduka kitandani pake. Mwanawe aliletewa chombo kidogo cha kunasia sauti pamoja na santuri, naye mama akawa anamkanda vidole vilivyovimba ili aweze kuendelea na kazi. Mwishoni mwa mwaka 2005 alikwenda Ulaya kuwatumbuiza watu akiwa katika kiti cha magurudumu.

Tarehe 7 Februari 2006, siku alipotimiza miaka 32, santuri yake ya Donuts ilitolewa. Siku tatu baadaye alifariki dunia.

Mashine yake imehifadhiwa mjini Washington, katika makumbusho ya taifa ya historia na utamaduni wa Waamerika Weusi. Aliyeitoa ni mama yake. Mtazamaji huona sanduku la vitufe tu, kwa maana vidole vilivyolipa uhai havipo tena.

Wewe mzazi ambaye kijana wako hushinda chumbani akifungua redio na kuunga nyaya, usiharakishe kumwita mvivu. Muulize anatafuta nini, kisha umsikilize. Na wewe mfanyakazi usimamaye mbele ya mtambo tangu asubuhi hadi jioni, kumbuka kwamba chombo hakina ladha mpaka mtu akitie yake. Dilla alikuwa na miaka 32 tu, nayo ilimtosha kulithibitisha hilo.